Masale Katika Begi la Filemon

Kwa miaka ishirini na sita Filemon alifunga mizigo ya watu wengine. Alikuwa mpagazi wa mlimani, na waliopanda naye mpaka leo watakwambia kuwa mzigo uliofungwa na Filemon unaweza kuviringika kutoka juu mpaka getini, isidondoke hata soksi moja. Siri yake ilikuwa nailoni. Kila kitu alikiviringisha, akakitia kwenye nailoni, akakikandamiza kwa goti mpaka hewa yote imetoka, akapiga fundo, kisha akatia nailoni ya pili. Kule juu adui ni maji. Nguo ikilowa mlimani, mwenye nguo naye hana siku nyingi.

Sasa, Jumatano saa mbili asubuhi, alisimama mbele ya kitanda chake kule Kibosho, begi liko wazi, na hakujua aanze na nini. Safari hii haikuwa ya kupanda. Alikuwa anakwenda Ngazija, katika visiwa vya Komoro, ambako mkwe wake Swaleh alimwambia joto halipumziki mchana wala usiku, na shati ukilianika linakaa na unyevu mpaka linaota ukungu. Filemon alisikia, akaitikia, akaweka sweta mbili.

"Baba Pamela, sweta za nini?" mkewe Mektrida akauliza.

"Za asubuhi."

"Asubuhi ya wapi? Gladys si ameandika nguo nyepesi?"

Gladys, binti wa jirani, alifanya kazi kwenye ofisi ya tiketi pale Moshi mjini, na alikuwa amewaandikia karatasi: mashati ya pamba, kandambili, dawa ya mbu. Chini kabisa alipiga mistari miwili: mzee, usibebe mmea wowote wala udongo, watakunyang'anya. Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi. Bila shati angekwenda. Bila isale asingeweza kwenda.

Asiyelijua isale, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuzunguka kihamba, kuonyesha shamba langu linaishia wapi na lako linaanzia wapi. Lakini ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha mdomoni, unakata isale, unapiga jani fundo, unampelekea mkononi. Aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Baba kumpelekea mwanawe ni kitu ambacho Kibosho nzima ingekicheka wiki mbili, na Filemon alikuwa tayari wacheke hata miaka miwili.

Maana alilolitenda halikuwa dogo. Miaka minne iliyopita, Pamela, binti yake wa pekee, alikuja nyumbani akasema ameolewa na Swaleh, kijana Mwislamu wa Moshi mjini ambaye bibi yake alitoka Ngazija. Baba hakuulizwa, padri hakuambiwa. Filemon alimtoa binti yake mpaka langoni, akayashika masale ya upande wa kulia, akasema mbele ya mashangazi wawili: "Ukivuka hapa, usivuke tena kurudi. Na huko uendako, usipate wa kukuita mama." Hasira hasara. Kichwa kilipopoa, Pamela alikuwa ameshavuka na mumewe kwenda Ngazija.

Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Mektrida alimlazimisha mumewe kuchukua pasi ya kusafiria, naye akaichukua, ikalala kabatini mwaka mzima kwa sababu ya kiburi chake, kiburi ambacho hakikumnunulia hata kibiriti. Sasa ilikuwa mimba ya tatu, miezi saba, na Pamela yuko hospitalini, presha haishuki, mwili umevimba. Madaktari walitaka kumpasua wamtoe mtoto kabla wote wawili hawajaenda. Pamela akakataa kusaini.

"Sitalala kwenye meza yao na neno la baba liko juu yangu," alimwambia mama yake kwenye simu Jumapili ile.

Filemon aliinyakua simu, akalia kama hajawahi kuwa mwanaume mlimani. Akasema ameliondoa neno, ameliondoa, Mungu ni shahidi. Pamela alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulilisema umeshika masale, baba," akajibu taratibu. "Haliondoki kwa vocha."

Simu ikakatika. Swaleh akatuma tiketi. Madaktari walisema wanaweza kusubiri mpaka Jumamosi, baada ya hapo hawaahidi kitu.

Ndiyo maana asubuhi ile Filemon aliyaacha mashati kitandani, akachukua panga, akaenda langoni. Jani moja lingetosha. Alikata moja, akaliona dogo. Akakata la pili. Kisha mkono ukashindwa kusimama, akafyeka na kufyeka mpaka upande wote wa kulia ukabaki visiki, akarudi ndani amekumbatia mzigo wa masale yanayochuruzika umande.

"Umemaliza lango!" Mektrida akapiga kelele. "Mbuzi wa Ndelilio wataingia shambani!"

"Waingie."

Alichagua mashina matatu mazuri kuliko yote, akayapunguza, akapiga kila jani fundo. Akayafunika kwa jani la mgomba lililolowa ili yasikauke njiani. Kisha nailoni. Goti juu. Fundo. Nailoni ya pili. Akayaviringisha kwenye sweta ya kwanza, sweta ya kwanza akaivika ya pili, na hapo hata Mektrida akaacha kuzipinga, maana sweta zilikuwa zimepata kazi. Mashati yakakaa juu. Tangu Jumapili ilikuwa mara ya kwanza mikono ya Filemon kufanya jambo inalolijua, na alipoinua begi alijiambia kuwa huu ni mzigo uliofungwa.

Mchana alipanda ndege pale KIA. Jioni alikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ndipo mambo yalipoharibika. Ndege ya kwenda Ngazija ilikuwa mbovu. Waliambiwa kesho. Alhamisi wakaambiwa kesho tena. Begi lilikuwa limeshapokelewa, liko kwenye chumba fulani nyuma, na Filemon alibaki na mfuko wa ndizi za kuchoma alizofungiwa na mkewe.

"Binti yangu," alimwomba msichana wa kaunta, "ndani ya begi mna kitu cha mgonjwa. Nikione tu."

"Ni dawa, mzee?"

"Ndiyo. Ni dawa."

"Basi usiwe na wasiwasi. Hakuna anayeligusa."

Ijumaa mchana njaa ilimzidi, akafungua zile ndizi. Mektrida naye alikuwa amezifunga kwenye nailoni, kwa goti, kama alivyofundishwa na mumewe. Zilikuwa zinateleza, zimechacha, na jasho limejaa ndani ya nailoni. Filemon aliziangalia, mdomo wazi. Jani bichi, maji, nailoni mbili, sweta mbili, siku tatu za joto. Kule mlimani angeweza kulifunga hivyo hata wiki. Alirudi kaunta akaomba begi, akaomba tena, akapiga magoti mbele ya watu. Walimwinua kwa heshima, wakamletea maji ya kunywa, wakamwambia ndege itaruka kesho.

Jumamosi saa sita mchana alishuka Ngazija. Ofisa mmoja alifungua begi, akaona sweta, akamwita mwenzake, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakalifunga bila kuchimba chini. Nje Swaleh alikuwa anamsubiri, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yuko hai?"

"Yuko hai. Hajasaini."

Hospitalini Pamela alikuwa amelala kitanda cha dirishani, uso umevimba hata baba yake akautafuta uso anaoujua asiupate upesi. Filemon hakusalimia. Alipiga magoti sakafuni, akatupa mashati, akatoa sweta moja ndani ya nyingine, akafika kwenye nailoni. Ilikuwa imetuna. Fundo lake mwenyewe likamshinda, vidole vimejaa jasho, akaling'ata kwa meno.

Harufu ilitoka kabla ya majani. Mama wa kitanda cha pili alijifunika pua kwa leso. Yale masale yalikuwa meusi, yamelainika kama mboga iliyosahauliwa chunguni, na kila alipolishika jani, fundo lilifunguka lenyewe na kubaki ute mkononi. Alitafuta hata moja zima. Hakukuwa na hata moja.

"Nimefunga vibaya," Filemon akasema. "Nimefunga kama wa mlimani, mwanangu. Miaka yote ile sikupoteza mzigo wa mtu. Huu wako ndio nimeuozesha."

Swaleh aligeukia ukutani. Pamela aliinamia ukingo wa kitanda, akayaangalia yale majani.

"Ulikata wapi?"

"Langoni. Upande wa kulia. Pale pale."

"Jani moja?"

"Yote. Nimefyeka upande wote."

"Mama amesemaje?"

"Amesema mbuzi wa Ndelilio wataingia."

Kitu kilipita usoni pa Pamela, na kwa mara ya kwanza Filemon alimwona binti yake ndani ya ule uvimbe.

"Kwa hiyo sasa hivi pale pako wazi."

"Pako wazi, mwanangu. Hata mtoto anayetambaa anapita."

Pamela aliteremsha mkono uliovimba mpaka sakafuni, akachota ule weusi, akaufumbata. Maji yake yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, yakaingia kwenye shuka.

"Swaleh," akasema, "waambie walete karatasi."

Wakaileta, na kalamu. Alisaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia alikataa kuufumbua.