Fundi Aliyetulaza Chini

Yule fundi matairi wa Tunduma, mwenye kibanda kando ya njia ya malori, ametutoka. Nilipigiwa simu Jumatano asubuhi nikiwa nakunywa chai, na kabla sijauliza aliugua nini, macho yangu yalishakimbilia dirishani kuangalia matairi ya gari langu. Nisameheni, wasomaji wangu. Mtu amekufa, na rafiki yake anawaza matairi! Lakini waliomjua wataelewa, na nina hakika hata yeye angenuna kama ningewaza kitu kingine.

Mnaonisoma siku nyingi mnalijua gari langu, maana nimewachosha nalo humu. Ni lile zito, linalovuta kwa magurudumu yote manne, nililolinunua nikiwa na mvi za mzee na akili ya kijana. Kila Jumamosi naliosha, napaka matairi dawa ya kung'arisha, kisha narudi nyuma hatua tano kulitazama, mpaka mke wangu ananiuliza kama nataka kulitolea mahari. Siku ya kwanza kufika kwa fundi nilikuwa nimevaa suti, naelekea Vwawa kwenye send-off ya binti wa dada yangu. Nikashuka, nikalipiga tairi la mbele mateke mawili, nikasema, "Fundi, upepo upo, ila niongezee kidogo, gari ni zito hili." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akanitambua kwa picha ya gazetini. "Mwandishi, hapo unalipima au unalisalimia?" Nikamwambia ndivyo ninavyopima miaka yote. "Haya," akasema, "basi na homa tuwe tunapima kwa mateke."

Aligoma kabisa kupima upepo saa ile. Alisema tairi limetoka barabarani, lina moto, na tairi la moto linasema uongo, kwa hiyo nikae ninywe chai lipoe. Kisha akatandika kiroba kitupu chini, ubavuni mwa gurudumu la mbele, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichopanda na kushuka kama Kindali, lugha ya kwao, "Lala chini." Nilale wapi tena, na suti hii? "Hapo hapo. Pitisha mkono nyuma ya tairi, upande wa ndani." Nililala, jamani, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wameshaanza kukohoa vicheko. Nje tairi lilikuwa na meno mazuri kabisa. Ndani lilikuwa kipara, na katikati ya kipara kidole changu kikachomwa na waya. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, wala hakucheka. Akanieleza kwamba gari lilipiga shimo mahali, magurudumu ya mbele hayatazami tena sawasawa, na uzito wote unasugua upande ule ambao mwenye gari hauoni. Upepo mwingi hula katikati, akasema, upepo kidogo hula kingo zote mbili, lakini ukiona umeliwa upande mmoja usiulaumu upepo, kamata miguu ya gari. Nilifika Vwawa keki imeshaliwa, na dada yangu hadi leo ananitambulisha kwa watu kama mjomba wa matairi.

Hakuna aliyepona pale. Alimlaza diwani. Alimlaza mchungaji mmoja mnene ambaye kumwinua ilikuwa kazi ya watu watatu. Madereva wa kutoka Zambia aliwaamkia kwa heshima zote, "Mulishani, mukwai," na hata hawajamaliza kuitikia, kiroba kimeshatandikwa. Wapo wakubwa waliokasirika wakawasha magari wakaondoka, naye akawapungia mkono. Siku moja nilimuuliza kwa nini asituambie tu kwa mdomo, akatuachia nguo zetu. Akajibu, "Nikikuambia, utasema fundi anataka kuniuzia tairi. Ukishika mwenyewe, utabishana na mkono wako?"

Siku hizi mji wetu una mashine za upepo zenye namba zinazowaka, na unajaziwa ukiwa umekaa kwenye kiti chako unachezea simu. Sizisemi vibaya, namba zake ni sahihi kuliko teke langu. Ila naona tunazidi kuwa watu wa kutazama mambo tukiwa tumesimama. Mkubwa anakuja kukagua jengo, anasifu rangi ya ukuta, tunapiga makofi, anaondoka, bomba la ndani halina maji. Nami nisijitoe. Mara ngapi nimewaandikia humu juu ya wachimbaji wa dhahabu wa Mbangala nikiwa nimekaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli? Fundi alikuwa akiisoma safu hii, akaniambia, "Umeandika vizuri, lakini inaonekana hukulala chini." Iliniuma, na iliniuma kwa sababu ni kweli.

Ijumaa tulimpeleka kwao Ileje, ng'ambo ya Itumba, kwenye miteremko ambayo mvua ikinyesha gari dogo halina la kufanya. Ndiyo maana familia iliomba jeneza libebwe na gari langu. Niliona ni heshima kubwa, nikaamka alfajiri nikaliosha, na matairi, nisiwafiche, nikayapaka dawa. Ibada ya nyumbani ikaisha, jeneza likapakiwa, ndugu sita wakaingia. Nikiwa nimeshashika ufunguo, mjane akaja akasimama dirishani.

"Shemeji, umelala chini?"

"Shemeji, matairi haya si alinifungia yeye mwenyewe?"

"Lini?"

Nikamwambia mwaka juzi. Alibaki amesimama tu, kanga yake kichwani, na mchungaji akaanza kutazama saa. Basi nikashuka, nikalala kwenye tope na suti nyeusi ya msiba, nikapitisha mkono. Kulia kuzuri. Kushoto, kipara. Nikasogeza vidole kidogo na waya ukanichoma, palepale uliponichoma mara ya kwanza. Miezi miwili iliyopita nilipiga shimo moja kubwa, nikasikia usukani unavuta pembeni, nikajisemea nitapita kwa fundi. Sikupita. Sasa nilikuwa nataka kumteremsha yeye na ndugu zake sita milima ile yote kwa tairi hilo. Nililala pale chini nikiwa naona aibu kuinuka.

Tulifunga spea. Mjane akafungua mkoba, akatoa geji ya marehemu ya kupimia upepo, ya shaba iliyochubuka, akanipa nipime yote manne moja baada ya jingine yakiwa ya baridi. Nilipoinua kichwa nikaona dereva wa gari la nyuma yangu amelala chini. Nyuma yake, wa kosta. Nyuma yake tena mchungaji, yule yule mnene, anavua koti. Msafara mzima wa wanaume wenye suti ulikuwa kifudifudi kwenye tope, mikono ndani ya magurudumu, na hakuna aliyetuamrisha. Mjane akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Jumatano, kisha akalia, nasi wengine tukapata nafasi ya kulia humo humo tulimolala. "Anachelewa kuzikwa kwa sababu ya tairi," akasema akijifuta. "Leo amefurahi huyu."

Tulifika kwao tumechelewa saa nzima, wote tuna matope kifuani, na wakwe wa mjane wakapiga yowe wakidhani tumepinduka. Tukamzika vizuri. Ninachowaomba ni kidogo: asubuhi, kabla gari halijapata moto, wekeni kiroba chini mlale, mpitishe mkono kule msikokuona. Na kama huna gari, naamini hukosi jambo lako unalolisifia kwa mbali. Suti yangu bado imening'inia nyuma ya mlango na tope lake. Mke wangu ameniuliza mara mbili itakwenda lini kwa dobi, nami nimemwambia iache kwanza, kuna safari ya Mbangala sijaenda.