Fomu Niliyoificha kwa Aibu

Siku moja ya mwezi wa saba naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na ndoa yangu ilikuwa nzuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, baridi ile ya Njombe inayokufanya usivisikie vidole vyako, nami natoka shuleni kwa miguu baada ya kuona matokeo ya kidato cha sita. Wakati huo hatukuwa na simu za kutazamia matokeo kitandani, mwanangu, kama ulivyofanya wewe juzi. Yalibandikwa ubaoni. Unasukumana na wenzako, unashuka na kidole kutafuta namba yako, halafu kidole kinasimama.

Changu kilisimama kwenye Kemia. Nilitegemea C, nikakuta S, alama iliyo juu ya kufeli kwa hatua moja tu. Fizikia E, Baiolojia D. Cheti ningepata, hilo sikatai. Lakini udaktari, ambao baba alikuwa ameshautangaza kijiji kizima tangu nikiwa kidato cha pili, ulikuwa umeniponyoka.

Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, Mungu amlaze pema. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kisha akanionyesha njia zilizobaki. Ningeweza kurudia mtihani mwaka unaofuata, nikijisomea mwenyewe nyumbani. Ningeweza kwenda ualimu wa diploma, maana alama zangu zilitosha. Au, na hii ndiyo aliyoipenda yeye, kulikuwa na chuo Dar es Salaam kilichoanzisha mwaka wa maandalizi kwa wasichana wa sayansi waliopungukiwa kidogo. Ukiumaliza vizuri, unaingia mwaka wa kwanza kama wenzako. Siku hizi mnaita faundesheni. Akanipa fomu. Ilitaka sahihi ya mzazi na barua ya mchungaji au mtendaji wa kata, na iwe imefika chuoni kabla ya mwezi wa nane kwisha.

Nilipofika nyumbani, baba, yaani babu yako, alikuwa shambani na majirani wakichimba viazi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, malori ya watu binafsi yalikuwa yameanza kutoka Makambako hadi mashambani, na kila mtu alikuwa na haraka ya kujaza magunia. Baba aliponiona akasimama na jembe mkononi.

“Kamwene, mama!” akanisalimia kwa lugha ya kwetu. “Umefaulu?”

Majembe yote yakatulia. Watu kumi na kitu, wote wananitazama mimi.

“Nimefaulu, baba.”

Haukuwa uongo mtupu, na huo ndio ubaya wake. Uongo mtupu ungenichoma usiku ule ule nikautapika. Huu wangu ulikuwa na cheti cha kuutetea, nikalala nao.

Jumapili baba akaja kanisani na kondoo dume, yule aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya jambo kubwa. Akasimama mbele ya usharika, nami kando yake nimevaa gauni la mama, akatoa shukrani kwa Mungu kwa ajili ya binti yake daktari. Mchungaji akaomba. Kwaya ikaimba. Nje, kwenye mnada wa sadaka, kondoo akanunuliwa, aliyemnunua akamrudisha kwa Bwana, akanadiwa tena, akanunuliwa, akarudishwa tena. Watu walikuwa wanafurahi kweli, hawakuwa wanaigiza. Mara ya tatu nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika, na wanawake wakasema ni furaha, mtoto hajala tangu asubuhi.

Sasa niambie, mwanangu, fomu ile ningeipeleka kwa nani? Kwa mchungaji aliyeniombea? Nimwambie, mchungaji, naomba barua inayosema sikufikia alama? Mtendaji wa kata naye aliimba besi kwenye kwaya ile ile. Nikaikunja fomu nikaisukuma chini ya nguo kwenye sanduku, nikaaga kwamba nakwenda kwa mama mdogo Makambako kusubiri kuitwa chuo. Baba akanisindikiza hadi barabarani. Alinibebea sanduku lile mwenyewe.

Makambako nilipata kazi kwenye duka la spea la Mzee Shabani. Huyu alikuwa mtu wa Kondoa, amekuja huku na lori moja bovu na sasa alikuwa na malori matatu. Aliswali swala zake tano na alikuwa na ulimi mkali. Alinivumilia wiki kadhaa, kisha siku moja baada ya adhuhuri akavuta kiti akakaa mbele yangu.

“Binti, wewe una kidato cha sita. Unanihesabia bolti za nini?”

Sijui kwa nini nilimweleza yeye, ambaye si wa kabila langu wala wa dini yangu. Labda kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwonyesha na fomu. Aliisoma tarehe tu, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vipuri.

“Bado siku kumi na moja,” akasema. “Sikiliza. Dereva wangu akipanda mlima na mzigo, gari likilemewa, anashusha gia. Haoni aibu. Anaona aibu yule mjinga anayetaka watu wamsikie yuko gia kubwa, na huyo huniunguzia klachi, nikamfukuza. Hiki chuo kimekupa gia ya kupandia, wewe unaificha sandukuni! Umemwogopa baba yako au umewaogopa watu wa kanisani?”

“Wote, Mzee.”

“Basi mwanzie baba. Kuna gari langu linakwenda Njombe kesho alfajiri. Panda. Mficha uchi hazai.”

Nilimwitikia vizuri, nikamshukuru. Kesho yake gari likaondoka bila mimi. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mama mdogo akawa na nguo nyingi za kufua. Nikasema nitakwenda wiki ya pili, nikishapanga maneno. Mwanangu, maneno ya kukiri hayapangiki. Ukiyapanga yanazaa mengine, na siku hazikusubiri. Mzee Shabani hakuniuliza tena. Alinitazama tu, na mtazamo ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Nilikwenda mwezi wa tisa umeanza. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba labda chuo kitapokea fomu zilizochelewa. Nikamkuta baba jikoni peke yake anaota moto. Nikapiga magoti, nikasema yote kwa pumzi moja, kuanzia S ya Kemia hadi sandukuni.

Hakupaza sauti. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na Biblia yake. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya mchungaji, yenye mhuri, inayonisifia tabia na kuniombea nafasi katika mwaka ule wa maandalizi. Nyingine ilikuwa karatasi ya daftari ambayo baba alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba yeye, mzazi, ameridhia. Zote zilikuwa na tarehe ya mwanzoni mwa mwezi wa nane.

“Nilikwenda shuleni kwako na kuku wawili,” akasema. “Kuwashukuru walimu. Mkuu wako akadhani najua.”

“Baba, kwa nini hukunifuata?”

Alisogeza kuni motoni.

“Nilisema atakuja mwenyewe. Kila lori lililosimama barabarani nilitoka kuangalia. Halafu…” akakohoa, “na mimi niliona aibu, mama. Nilisimama mbele ya watu na yule kondoo. Nilitaka uje uniambie wewe, ili nisiwe mimi niliyekuja kukuumbua.”

Basi tulikaa pale, watu wawili wazima, kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kitu kile kile. Mchungaji alikuwa anajua. Ninaamini nusu ya usharika ilikuwa inajua, na hakuna aliyecheka.

Chuo kilikataa. Mwaka uliofuata kilichukua waliomaliza mwaka huo tu. Nilirudia mtihani huku nikiuza spea mchana, na Kemia ikanipa S ile ile. Ualimu niliudharau hadi nafasi yake nayo ikapita. Nimeolewa, nimelea, nimefanya biashara, sikulala njaa. Lakini babu yako hakutamka tena neno daktari mbele yangu hadi tunamzika, hata alipokuwa amelazwa na madaktari wamemzunguka kitanda. Hilo linaniuma hadi leo, na sina dawa yake.

Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu. Umeniambia chuo kimekupa nafasi ya faundesheni na mwisho wa kujibu ni Ijumaa, na umeniomba nisimwambie baba yako. Sitamwambia. Wewe utamwambia, na utamwambia leo, kabla hajala chakula cha jioni. Baba yako ni mdogo wangu, namjua, atanuna, pengine atatoka nje atembee. Atarudi. Huenda hata anajua tayari na anakusubiri, sisi wa ukoo huu ndivyo tulivyo.

Mkishasema, ndipo mpime. Ulizeni chuo kwa maandishi kama ukimaliza mwaka huo mlango wa kozi unayoitaka utafunguka kweli, na ukianguka kuna pa kuangukia. Ulizeni kama vyuo vingine vitautambua mwaka wako au ni hicho kimoja tu. Linganisheni na kurudia mtihani: je, una mwalimu wa kukufundisha lile somo, au utakaa na vitabu vile vile ukapate alama ile ile kama mimi? Na diploma usiidharau, wapo walioanzia huko wakafika mbali kuliko wenye Divisheni Wani. Ukiona faundesheni ndiyo inayokufaa, ipokee ukiwa umesimama wima. Kawia ufike. Mwaka mmoja wa kujiandaa mbele za watu ni mfupi. Mimi najua urefu wa miaka ya kujificha.

Mungu aliyewatunza wazee wetu katika nchi hii ya baridi akupe kinywa cha kusema leo. Akulainishie moyo wa baba yako, akufungulie chuo, na akikufungulia kingine badala yake, akupe akili ya kukiona. Uende salama, urudi salama, na kila utakapokwama usiogope kurudi nyumbani kusema. Amina, mwanangu. Sasa iweke barua hii chini, nenda kamwite baba yako.