Mashine ya Mwalimu Niliyoing'arisha

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na ningeisahau kwa furaha kama isingekuwa na faida kwako. Nilikaa uani kwetu Moshono na beseni la maji ya sabuni, nikaisugua mashine ya kupumulia ya mume wangu mpaka ikang'aa. Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini. Usiseme huo si umri wa makosa ya ujana. Ujana wa miaka huisha wenyewe. Ule wa kujiona mjanja unaweza kukaa na mtu mpaka anapata wajukuu.

Mimi ni mama wa mitumba. Nauza makoti hapa mjini, na baridi ya Mlima Meru ndiyo mdau wangu mkubwa. Kila kitu nahesabu mara mbili, hata watoto wangu nilipokuwa nawavusha barabara, na ni wawili tu. Mume wangu, Baba Upendo, ni mwalimu mstaafu. Ni mtu mpole kiasi kwamba akienda kununua nyanya, muuzaji humwonea huruma akampunguzia bila kuombwa.

Sasa, yeye ana ule ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Anakoroma, halafu kimya. Kile kimya ndicho kibaya. Unaisubiri pumzi irudi, hairudi, kisha inarudi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Daktari alimpima, bima wakamlipia mashine: kiboksi kinachosukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa anayoivaa puani. Miaka sita tukalala kama watu. Kisha mashine ikachoka. Ikaanza kupiga mluzi, hewa ikawa haba, mpira ukapasuka nikaufunga kwa seloteipu. Kile kimya kikarudi. Nikawa nakihesabu gizani: moja, mbili, tatu. Usiku mmoja nilifika ishirini na sita. Nikajiambia nimehesabu haraka kwa woga. Kilipokuja kingine nikahesabu polepole, nikafika ishirini na tisa.

Mashine mpya tusingeiweza hata kama ningeuza makoti yote na mimi ndani yake. Tegemeo lilikuwa bima. Nikamwambia Baba Upendo, "Hili niachie mimi. Wewe utawaonea huruma."

Kosa langu ni hili. Sokoni, ukitaka kubadilishiwa kitu, unakipeleka kikiwa kinavutia. Kitu kichakavu hakuna anayekigusa. Basi nikaitoa ile seloteipu, nikaugeuza mpira ufa ukae chini, nikaifunga mashine kwa kitambaa cheupe kama keki ya kipaimara, nikaenda nayo ofisini kwa watu wa bima.

Nilimkuta kijana mstaarabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimewaletea mashine yenu. Itazame, haina hata mkwaruzo."

"Inafanya kazi?"

"Vizuri tu! Sisi tunatunza vitu. Chukueni hii mumpe mwingine, sisi mtupe mpya."

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu."

Akawa anaandika, nami natabasamu. Nilitoka pale na mashine kwapani nikasubiri jibu nyumbani, najua nimewapata.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ombi limekataliwa, kwa kuwa kifaa kilichopo kinafanya kazi na mgonjwa anaendelea vizuri. Niliisoma mara mbili. Hakukuwa na uongo wao hata mmoja, maneno yote yalikuwa yangu.

Nikarudi kwa kijana. "Basi toeni nusu, na sisi tutafute nusu."

"Mama, hapa siyo sokoni."

"Kila mahali ni sokoni, mwanangu. Ninyi mmeweka kiyoyozi tu."

Alicheka, lakini hakusogea. "Mimi niliandika ulichoniambia, mama. Kama mambo siyo hivyo, rudini kliniki waandike upya."

Nikaenda kliniki pamoja na Baba Upendo. Alikuwepo Sista Nasieku, nesi wa Kiarusha aliyebakiza miezi michache kustaafu. Ndiye aliyekuwa akichukua maelezo kabla hujamwona daktari. Nilimsimulia yote, mpaka kitambaa cheupe. Akacheka hadi akavua miwani. Alipoirudisha usoni, hakuwa anacheka tena.

"Mama Upendo, ulikwenda kuuza mashine, au ulikwenda kumsemea mgonjwa? Umefunika kidonda kwa poda, halafu unawalaumu hawakukiona."

Akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, hali yako?"

"Nzuri tu, Sista."

Akaweka kalamu chini. "Hiyo ni salamu, nimeipokea. Sasa nijibu. Unalalaje?"

Baba Upendo aliigeuza kofia yake magotini. "Silali," akasema. "Nakaa kwenye kiti sebuleni. Huyu anadhani nasikiliza redio. Nikilala kitandani, kila nikizinduka namkuta yuko macho, midomo inacheza, anahesabu. Na alfajiri anatakiwa sokoni. Nikaona bora nikeshe mimi, yeye apumzike." Akapandisha mkono wa koti. Kulikuwa na kovu bichi la moto, ambalo mimi aliniambia ni mvuke wa birika. "Hapa nilisinzia nimesimama jikoni. Na kusema kweli, Sista, naogopa. Nikifumba macho, naogopa."

Tulikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikaushika mkono wake ule mzima, basi.

"Hayo ndiyo ninayoandika," Sista akasema. "Na wewe mama, ulikuwa unafika ngapi?"

Nikamtajia, ishirini na sita na ishirini na tisa. Sikupunguza, sikuongeza.

Fundi wa vifaa vya hospitali akaifungua mashine, akaandika kwamba mota yake imekufa na haitengenezeki. Ndani mlikuwa na kadi ndogo inayotunza saa za matumizi. Ikaonyesha kuwa Mwalimu hakuiacha hata usiku mmoja mpaka yenyewe ilipomwacha. Daktari akasaini. Safari hii niliipeleka bima na seloteipu yake niliyoirudisha, na vumbi lake.

"Inafanya kazi, mama?"

"Haifanyi."

"Na mgonjwa?"

"Hali yake mbaya, mwanangu. Nisaidie."

Maneno hayo machache yalinichosha kuliko kubeba belo la makoti.

Baada ya mwezi tukaitwa kuchukua mashine mpya. Usiku wa kwanza nilipitiwa na usingizi kabla yake. Nilipoamka jua lilikuwa limefika dirishani, sokoni nimechelewa, na yeye bado kalala, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Sikumwamsha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikimtazama, wateja wakangoje.

Basi mwanangu, nakwambia waziwazi. Mbele ya mtu anayeweza kukusaidia, usijipambe. Akikusalimia, msalimie, akikuuliza, mjibu. Sema kinachouma, kinauma wapi na tangu lini, hata kama sauti inatetemeka. Bei unaweza kuipunguza. Maumivu ukiyapunguza kwa mdomo, yanakusubiri nyumbani yakiwa kamili, na anayeyalipia ni yule unayempenda. Na mtu wako wa karibu akikuambia "nzuri", muulize tena, kwa utulivu, kisha umsubiri. Mimi wangu aliulizwa na nesi, nami nimekaa pembeni, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi usio na hofu. Akupe na mtu wa kumwambia "naogopa" asikucheke, nawe akujalie kuwa mtu huyo kwa mwenzako. Ubarikiwe, mwanangu.