Mfumo Uliojengwa na Walioshindwa

Nyumbani kwa dada yake, ambako anaishi tangu amalize chuo, hakuna anayemwita binti huyu kwa jina lake. Shemeji alimbatiza Injinia siku televisheni ilipogoma, na jina likanata.

"Si ulisomea kompyuta, wewe?" shemeji alimuuliza, rimoti mkononi.

"Nilisomea kompyuta, shemeji. Hii ni televisheni."

"Ina skrini, ina waya, inakula umeme. Zimetofautiana nini, ukoo?"

Dada yake alicheka hadi akashika ukuta. Injinia naye alicheka, kwa kuwa anayelala sebuleni kwa watu hachagui mzaha wa kuchekea.

Mwaka wa mwisho chuoni, mkuu wa idara aliwasomea njia zote zilizokuwa zikiwangoja: kuandika programu, kulinda mitandao, kuchambua takwimu, kutunza hifadhi za data za mabenki na hospitali. Alizitaja kama mwenyeji anayewatajia wageni vyakula vilivyokwisha kuandaliwa. Walipotoka, meza ilikuwa tupu. Mmoja wao leo anapiga picha za pasipoti. Mwingine anafundisha watoto wa matajiri kuchapa insha. Aliyeongoza darasa anajaza wino kwenye printa za ofisi ambazo ziliukataa wasifu wake. Na swahiba wa Injinia, kijana mwembamba aliyeitwa Onyo, anauza makava ya simu kwenye kibanda cha binamu yake. Jina hilo alilipata kwa tabia moja: kila alipoandika programu, alichomeka katikati ya mistari maneno ambayo kompyuta huyaruka lakini binadamu huyasoma, na maneno yake yalikuwa vitisho vitupu. "Onyo! Aliyegusa hapa asije kunililia."

Kampuni moja ya kuuza mifumo ya kompyuta ilipotangaza kwamba inatafuta mwandishi wa programu mmoja, Injinia alipeleka maombi kimyakimya. Kimya hicho ndicho kilichowaponza wote. Wahitimu wanaowania nafasi moja hufichana kama wachawi. Juma hilohilo alikutana na Onyo penye mashine ya fotokopi, kila mmoja ameshika bahasha, na kila mmoja akamwambia mwenzake kuwa anatoa nakala za karatasi za shangazi.

Mapokezi ya kampuni yalikuwa na viti vya plastiki, mlango wa kioo, na picha ya mikono minne ikishikana. Meneja alikuwa mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Hapa hatuangalii vyeti, mdogo wangu," alisema. "Vyeti kila mtu anavyo. Tunaangalia kazi."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kupeleka nyumbani: atengeneze sehemu ya programu ya kupokea wagonjwa hospitalini, iandikishe taarifa zao na kuwapanga kwenye foleni. Aliufanya kwa moyo wote. Wajawazito na watoto wachanga aliwawekea njia yao, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Meneja alimsifu, kisha akamwongezea mtihani wa pili, wa kutunza majalada. Malipo hayakutajwa, nani hulipwa kwa kufanya mtihani?

Hapo ndipo shemeji, ambaye maneno yake ni makali lakini mkono wake si mzito, alipomtafutia nafasi ya kukaa kwenye mashine ya malipo katika duka la vifaa vya ujenzi.

"Bosi wangu anataka jibu Jumamosi," alisema. "Misumari na rangi si kompyuta, najua. Lakini mwisho wa mwezi unafika."

Siku hiyohiyo meneja alimpigia simu. Amefika hatua ya mwisho. Atatumiwa vipande vitano vya mfumo, viwili vikiwa vyake mwenyewe. Aviunganishe vifanye kazi kama kitu kimoja, kuna hospitali inayousubiri mfumo huo. "Ukiweza, Jumatatu una kiti hapa."

Jumamosi Injinia alimwambia shemeji ahsante, hapana. Dada yake alisonya. Shemeji alisema tu, "Mshika mawili moja humponyoka. Haya, shika hilo lako," na kabla ya jioni nafasi ya dukani ilikuwa imepata mtu mwingine.

Jumapili alasiri aliketi kwenye meza ya kulia chakula, watoto wa dada yake wakikimbizana chini yake, akaunganisha. Vipande vinne vilishikana vizuri, na alipoona mgonjwa wa majaribio akitoka mapokezi hadi kwa daktari bila kupotea njiani, alijipongeza kwa sauti. Akafungua cha tano, cha duka la dawa. Kilikuwa kimeandikwa kwa ustadi: dawa mbili zisizopatana zilikataa kutolewa pamoja. Akateremka mstari kwa mstari, akakutana na maneno haya:

"Onyo! Aliyegusa hapa asije kunililia."

Alicheka peke yake. Kicheko hakikufika mwisho. Alimpigia simu Onyo palepale.

"Wewe, uliwahi kuomba kazi pale kwenye mlango wa kioo?"

Onyo akashusha sauti, "Nani kakuambia?"

"Walikupa duka la dawa."

"Sasa umejuaje? Wamekutangazia nilivyofeli? Waliniambia kazi yangu haikufikia kiwango, nijaribu tena mwakani."

"Onyo, kazi yako iko hapa mbele yangu. Wanataka niiunganishe na ya kwangu na za watu wengine. Hospitali inaisubiri."

Alisikia kelele za kibanda, mtu akiuliza kama kava jekundu lipo. Onyo alimwambia mteja asubiri.

"Mwezi mzima," alisema Onyo. "Mwezi mzima nilimwambia mama kwamba akili yangu ndiyo haitoshi."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Nikikwambia usiwape, nitakuwa nimekunyang'anya ugali. Nikikwambia wape, nitakuwa mjinga mara mbili. Amua mwenyewe, dada. Ngoja nimuuzie huyu kava lake."

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa meneja, flashi ikiwa mfukoni. Mfumo mzima ulikuwa ndani yake, umeungana, unafanya kazi. Kazi ya dukani ilikwisha kwenda. Hii ndiyo iliyobaki.

"Umekamilika?" meneja aliuliza, mkono umenyooshwa.

"Umekamilika. Lakini waliotengeneza vile vipande vingine wako wapi?"

"Walishindwa."

"Walishindwaje, na kazi yao ndiyo hii?"

"Ina kasoro nyingi, mdogo wangu."

"Basi niifute. Niandike upya, hospitali isubiri."

Meneja aliurudisha mkono. Tabasamu lilibaki, ila macho yalikwisha kuondoka. "Sikiliza. Kijana asiye na uzoefu ni nani amlipe? Tunawapa uzoefu. Wewe umebahatika, leta flashi ukae."

"Nionyeshe mkataba kwanza."

"Mkataba ni baada ya mfumo kuwashwa hospitalini. Tukuone unavyoutunza miezi miwili, mitatu. Hiyo nayo ni sehemu ya mtihani."

Injinia alitazama kupitia ukuta wa kioo, ofisi nzima ikionekana. Yule pale ni mhasibu. Wale wawili wenye tai ni wauzaji, wanaozungukia hospitali na mashule. Yule ni dada wa mapokezi. Alitafuta mtu mmoja anayeandika programu. Hakumwona, kwa sababu hakuwapo. Kampuni iliyokuwa ikiuza mifumo haikuwa imemwajiri hata mtu mmoja wa kuitengeneza, na haikuwa na haja, maadamu vyuo vinafungua milango kila mwaka na njaa haina likizo.

"Kiti changu ni kipi?" aliuliza.

"Eeh?"

"Umesema Jumatatu nina kiti. Nionyeshe."

Meneja alitazama huku na huku ofisini. Kisha akakasirika, kama wanavyokasirika watu walioulizwa swali jepesi. "Wako wengi nje wanaoitaka nafasi hii!"

"Nimewaona," alisema Injinia. Akainuka, flashi yake mfukoni.

Mapokezi walikuwapo watatu, vijana wawili na msichana, kila mmoja amekumbatia kompyuta yake na kumpa mwenzake kisogo. Alisimama mbele yao.

"Samahani. Mmepewa kutengeneza nini?"

Walimtazama kama mwizi aliyegonga hodi. Msichana aliifunika skrini kwa kiganja.

"Mimi nilipewa mapokezi ya hospitali," akasema kwa sauti, hata wauzaji wakageuka. "Na majalada. Rafiki yangu alipewa duka la dawa, wakamwambia amefeli. Juma lililopita nikaambiwa niunganishe vyote. Nyinyi je?"

"Dada, hapa si sokoni," alisema dada wa mapokezi, lakini hakuinuka.

Kijana mmoja kati ya wale watatu, mwenye tai aliyoazima, ndefu kupita mkanda, alikohoa. "Mahudhurio ya wanafunzi."

Wa pili akageuka upesi. "Ya shule? Mimi nimepewa ratiba ya vipindi."

Wote wakamtazama msichana. Aliondoa kiganja kwenye skrini. "Karo," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Shule fulani ilikuwa imekwisha kuuziwa mfumo wake.

Dada wa mapokezi aliita anayefuata. Akaita tena. Msichana aliinuka, akapita bila kumtazama mtu usoni. "Samahani," alisema akiwa mlangoni. "Mimi nina watu wananitegemea." Mlango wa kioo ukafungwa nyuma yake, wakawa wanamwona akiketi, akifungua kompyuta.

Injinia hakumlaumu. Hasira yake aliitunza kwa aliyekuwa upande wa pili wa meza ile.

Kijana mwenye tai alivuta kiti kilichoachwa wazi, akamsogezea. "Kaa, dada. Huyo rafiki yako wa duka la dawa, bado anayo nakala ya kazi yake? Na hospitali yenyewe mnaijua ni ipi?"

"Nakala anayo. Hospitali tutaitafuta, tuiambie mfumo huu ni wa nani," alisema Injinia. Akaketi, akatoa simu, akampigia Onyo mbele ya wote, sauti akiiacha wazi ili kila mtu asikie.