Gugu la Mama Pasi

Kwa miaka ishirini na saba alipiga pasi mashuka ya hospitali, na jina likamganda: Mama Pasi. Alipostaafu na kuhamia nyumba namba tisa, mtaa mmoja nyuma ya ufuko, jina likamfuata. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vigumu na mdomo usiojua kupita kando.

Mbele ya nyumba palikuwa na kiwanja cha hatua kumi kwa sita, mchanga mtupu, jua likikichapa tangu asubuhi mpaka jioni. Kamati ya mtaa ilitaka kila nyumba ipande nyasi. Mama Pasi alizipanda mara mbili, na mara zote mbili zikageuka rangi ya shuka lililoungua kwa pasi.

Ndipo trekta lilipokuja kusafisha ufuko ili ujengwe ukuta wa zege. Pale mchangani palikuwa na mmea unaotambaa, wenye maua ya manjano yanayofunguka asubuhi. Watu waliukanyaga miaka yote bila kuuliza jina lake. Mama Pasi akatangulia mbele ya trekta, akachuma maganda yake makavu yenye mbegu mpaka kitambaa chake cha kichwa kikajaa. Dereva akapiga honi. "Piga tu," akamwambia, "masikio ni yangu."

Mwaka wa kwanza aliharibu. Aliutia mmea samadi, akaumwagilia asubuhi na jioni kama anayelea mtoto njiti. Nusu ya miche ikaoza, nusu ikanenepa majani bila ua hata moja. "Kumbe nakudekeza," akauambia mmea. Mwaka wa pili akasugua kila mbegu kwa msasa mpaka ganda likachubuka, akaziloweka siku nzima, na zilizovimba akazifukia kwenye mchanga usio na samadi. Miche iliposhika, akaiachia jua lake. Mwezi wa tatu kiwanja kizima kikawa manjano.

Mwenyekiti wa kamati akaja. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mpima ardhi mstaafu ambaye hata chai aliinywa kwa vipimo.

"Shemeji, hilo ni gugu. Wakaguzi wanakuja, na wewe unatutia aibu."

"Gugu huota lenyewe. Hili nimelipanda kwa mkono wangu."

"Basi ling'oe kwa hiari."

"Hiari yangu ndiyo iliyolipanda. Nyingine sina."

Wiki mbili baadaye Mama Pasi alikwenda kliniki kwa ajili ya magoti. Aliporudi, kiwanja kilikuwa kimefyekwa, kikachimbwa hadi mizizi, kikasawazishwa kwa reki. Jirani wa namba kumi akamnong'oneza dirishani, "Kamati ilileta mtu na jembe. Nilinyamaza, dada yangu. Nisamehe."

Mama Pasi aliyanyima machozi njia. Akachukua mfuko wa mto, akaenda kwenye jalala la langoni mwa mtaa, mmea wake ulikotupwa, mahali ambapo kila dirisha la mtaa lilipaona, akapiga magoti yake mabovu juu ya takataka. Alichambua ganda baada ya ganda mpaka jua likaegemea magharibi. Shemeji alipita na gazeti kwapani.

"Inuka, shemeji. Watu wanakutazama."

"Watazame vizuri. Nisingependa wakose kitu."

Kwenye mkutano wa mtaa aliomba kanuni zisomwe. Katibu, binti mwoga wa miwani, akasoma: kila kiwanja kiwe na nyasi au maua.

"Hilo si ua," shemeji akakatiza.

"Basi tupimie, wewe ndiye mpimaji. Ua huanzia sentimita ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akafunga mkutano bila kufikia uamuzi wowote.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama Pasi alipanda upya, safari hii kwa mistari iliyonyooka kama pindo la shuka. Jirani wa namba kumi akaja kuomba mbegu, kisha namba nne, kisha wengine. Kila mmoja alipewa mbegu pamoja na kipande cha msasa, na onyo: "Ukilitia samadi, usije kunililia."

Hatimaye kamati nayo ikataka mbegu za kupanda langoni, ambako nyasi zilikuwa zimekufa mara ya nne. Mama Pasi akakubali kwa sharti moja: barua ya kuomba radhi kwa kung'oa bustani ya mtu akiwa kliniki. Barua ikaja, imepigwa chapa vizuri, katibu ndiye aliyetia sahihi. Mama Pasi akaisoma mara mbili, akaikunja, akamrudishia katibu aliyeileta.

"Mwanangu, wewe hukunikosea. Mwambie shemeji yangu kalamu ninayo, na kiti cha kukalia kipo."

Hajaja bado. Lango limebaki mchanga mtupu, na kila asubuhi mwenyekiti hupita mbele ya namba tisa akitazama upande wa pili wa barabara. Mama Pasi humsalimia kwa sauti kubwa.