Lori la Kaka Seif pale Gerezani

Kaka yangu Seif alikuwa anapoteza macho. Daktari hapa Morogoro alimwambia moja limekwisha na la pili liko njiani. Seif akataka kitu kimoja: kabla halijazimika, alione lori aliloendesha wakati wa vita vya Kagera. Tulikuwa tumesikia kwamba karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, imepanga magari ya vita uwanjani watu wayatazame, na lori lake limo. Nikakata tiketi.

Treni ilikwama Ruvu, na hakuna aliyejali kutuambia sababu. Seif hakuchoka. Aliwasimulia abiria jinsi lori lile lilivyovuja oili tangu jipya, mafundi wa jeshi wakanyoosha mikono.

Asubuhi tulishuka Dar. Wa kwanza niliyemwuliza alituelekeza Msimbazi, wa pili akaturudisha Gerezani. Kila niliyemtajia makumbusho aliniuliza nanunua nini.

Langoni mwa karakana, mlinzi alikaa juu ya tairi akila mihogo.

“Shikamooni wazee. Mnataka gia boksi au difu?”

“Marahaba. Tumekuja kutazama magari.”

“Kutazama!” Akacheka. “Wazee mmelala? Siku hizi biashara ni ruksa, yameuzwa spea. Kimebaki kifaru, hakina mteja.”

“Sasa wewe unalinda nini?” nilimfokea.

Akafikiri. “Kifaru.”

Seif alikuwa ameshaingia, akipapasa hewa. Vibao vilikuwa bado vimesimama kwa mstari, kila kimoja, isipokuwa cha kifaru, mbele ya nafasi tupu: USIGUSE. Mchanga ulikuwa mkavu kote, ila penye kibao cha mwisho palikuwa na doa kubwa jeusi. Nilimwonyesha. Akachuchumaa, akachovya kidole cha mkono wa kulia, akanusa.

“Mzee, usiguse!” mlinzi alipiga kelele, kwa mazoea tu.

“Niguse nini, mwanangu? Mmeacha nini?” Kisha akanigeukia, anacheka peke yake. “Lilikaa hapa. Hata hawa wameshindwa kuliziba.”

Jioni tulipanda treni ya kurudi. Nilinung'unika mpaka Ruvu. Nimejifunza kwamba ukisikia Dar kitu kimehifadhiwa, usiulize kinafunguliwa saa ngapi. Uliza kama hakijapata mteja.

Wali ulipokuja, nilimmiminia Seif maji ya kunawa. Akauficha mkono wa kulia ndani ya koti, akala kwa kushoto, jambo ambalo kwalo marehemu mama angemchapa.

Nikamsogezea sahani upande wa kushoto.