Siku Mkwe Alipoomba Karai

Binti yangu alinitumia orodha kwenye simu: vyakula vya asili vya Kijapani ambavyo mtu asife kabla hajavionja. Niliisoma nikiwa mwaloni Masese, mikono yote mafuta, maana kazi yangu ni kukaanga samaki na kuuza pale pale wanaposhushwa. Nikaisoma mara ya pili. Sikuelewa hata nusu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kijana wa Kijapani, fundi wa pampu za maji hapa Jinja, alikuwa amesilimu, amemposa binti yangu, na posa tumeipokea. Sasa mamake alikuwa anakuja kutuona. Angepokewa Mbale kwa mama yangu, kwani kwetu wakwe hupokewa nyumbani kwa bibi. Na kwa mama yangu sheria ni moja: mkwe akila, undugu umeingia, mkwe akiacha chakula, amekataa, na hakuna wa kumbembeleza. Akila, binti yangu wa pekee angeolewa na kuhamia Japani. Asipokula, angebaki. Kazi ya kumpikia ale ashibe ilikuwa yangu mimi.

Nikaanza na orodha. Sushi: wali uliopoa, juu yake samaki mbichi. Mbichi! Nikampigia simu. "Mwanangu, samaki wa ziwa hili, mbichi? Unataka nimuue mama wa watu?" Akacheka, akasema niiruke hiyo. Supu ya miso: soya iliyochachushwa miezi na miezi. Ala! Kwangu mimi kilichochacha kinatupwa. Kulikuwa na kitoweo kimoja nikakipenda sana kwa picha, mpaka nikasikia ndani yake mna pombe ya mchele. Astaghfirullah, nikafuta. Tempura: mboga zinachovywa kwenye unga wa majimaji, zinakaangwa kwenye mafuta mengi.

"Si bajia hiyo?"

"Siyo bajia, mama."

"Tofauti yake nini?"

"Ni nyepesi."

Mwisho kulikuwa na karee, mchuzi mzito wa bizari, viazi, karoti na nyama, unamwagwa kando ya wali. Hapo nikapumua. Mchuzi naujua. Ila binti yangu alinikazia neno moja: mama yule haiwezi pilipili.

Nilifunga karai langu la kukaangia kwenye shuka nikaenda nalo Mbale, kwa kuwa la mama lilikuwa limetoboka.

Mgeni alifika mchana, mwanamke mwembamba mwenye mvi, viatu amevivulia mlangoni bila kuambiwa. Nikapiga magoti kumwamkia, kama tunavyowaamkia wakwe. Naye akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka mkekani. Nikashtuka! Mbona ananisujudia? Nikainama nimwinue, yeye akadhani naongeza heshima, akainama zaidi. Tukaendelea hivyo, chini na juu, mpaka mama yangu akauliza, "Nyie mmepoteza nini hapo chini?"

Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini, adhuhuri, na yule kijana pamoja nao. Binti yangu nilimtuma soda dukani. Tukabaki watatu na sahani ya karee. Mgeni akaonja. Uso ukawa mwekundu, machozi yakamtoka, akajipepea mdomo kwa mkono.

"Karai," akasema. "Karai!"

Nikatazamana na mama.

"Anataka karai," mama akasema.

"La nini?"

"Mimi nijue? Kwani mimi Mjapani? Mgeni kaomba, mpe."

Nikatoka uani, lilipokuwa motoni likingoja mboga za tempura, nikalishika kwa matambara mawili, nikaliingiza ndani lilivyo, jeusi, mafuta yanacheza, nikaliweka mbele yake. Akalitazama. Akanitazama. Akasema tena, polepole, kwa adabu: karai. Nikamwonyesha kwa kidole. Ndilo hili, mkwe, jingine sina.

Binti yangu akarudi, akasimama mlangoni na soda zake. "Mama, hilo karai linafanya nini hapo?"

"Kaliomba mwenyewe."

Wakasemezana Kijapani, alichofundishwa na mchumba wake. Binti yangu akashika kichwa. Kumbe kwao neno hilo maana yake ni kali, pilipili imezidi.

"Mama. Ulitia ngapi?"

"Kidogo tu."

Mama yangu akachovya kidole kwenye mchuzi, akaramba, akakohoa mpaka akashika ukuta. "Hii ndiyo kidogo?" Kisha akashusha sauti. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Posa uliipokea wewe."

Mpaka leo sijui. Nakumbuka kukata pilipili kichaa mbili, basi. Lakini vikonyo nilivyofagia baadaye havikuwa viwili. Nikiambiwa nile yamini kwamba sikukusudia, nitakula, na bado sitajiamini. Jambo moja tu naliona wazi, na nalionea haya: mwanamke yule alipoisukuma sahani mbele kidogo, nilifurahi. Nikasema moyoni, ameshindwa, mwanangu anabaki. Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa ananitazama usoni, na furaha ile ameiona. Macho yalimjaa machozi, na yeye karee hakuionja.

Kumbe mgeni alisukuma sahani apate nafasi ya kuweka soda. Akanywa nusu chupa, akajifuta uso kwa leso, akaivuta sahani, akala. Jasho linatiririka, pua inachuruzika, yeye anakula tu. Mara mbili nilitaka kumwambia aache, na sikujua ni huruma au ni roho mbaya ileile. Hakubakiza hata punje. Kisha akaiinua sahani tupu kwa mikono miwili, akaninyooshea.

"Mpakulie mwenzio," mama akasema.

Nikapakua. Mchuzi ukamwagika mkekani. Nilitaka kumwomba binti yangu msamaha, nikakosa pa kuanzia, na mgeni alikuwa bado amenishikia sahani.

"Muulize," nikamwambia, "kwao baridi inaanza mwezi gani. Nijue lini nianze kukutafutia sweta."